Moshi wa Birmingham na Njaa ya Bahari

Mwaka 1746 tabibu kijana aitwaye John Roebuck, akishirikiana na mfanyabiashara Samuel Garbett, alifungua karakana ya asidi ya salfa katika barabara ya Steelhouse Lane mjini Birmingham. Hadi wakati huo asidi hiyo ilitengenezwa ndani ya madumu ya kioo, kidogo kidogo, na kuuzwa kwa bei ya dawa adimu. Roebuck aliacha kioo akachukua risasi, madini yasiyoliwa na asidi kwa urahisi, akajengesha masanduku makubwa kama vyumba. Ndani yake salfa ilichomwa pamoja na shura, moshi wake ukakutana na maji yaliyotandazwa sakafuni, na asidi ikapatikana kwa mapipa. Bei ilishuka. Mafundi wa Birmingham, mji wa vifungo, bizimu, bunduki na misumari, wakapata kwa gharama ndogo kitu cha kusafishia vyuma vyao.

Wanahistoria wa tabianchi hawana desturi ya kuanzia hapo. Wengi huanzia kwenye injini ya James Watt, na wana sababu. Hata hivyo, kwa anayetaka kulielewa shauri moja la zama hizi, yaani kumwaga chuma baharini ili bahari imeze hewa ukaa iliyozidi angani, masanduku ya Roebuck ni mlango wa karibu zaidi. Asidi ya salfa ikikutana na chuma hutoa fuwele za kijani hafifu ziitwazo salfeti ya chuma, ndugu wa mrututu wa buluu unaojulikana na wakulima wengi. Kwa karne nyingi fuwele hizo zilitengenezewa wino mweusi. Katika kliniki za wajawazito, kutoka Mombasa hadi Bukoba, mara nyingi ndizo zilizomo ndani ya vidonge vya kuongeza damu. Na ndizo zilizomwagwa kutoka kwenye meli za utafiti, katika Pasifiki na katika bahari inayoizunguka Antaktika, kuanzia mwaka 1993.

Shauri hilo husimuliwa kama ndoto ya kesho, ambayo ubinadamu ungali na nafasi ya kuikubali au kuikataa. Historia ya Birmingham inatoa ushahidi mwingine. Chuma na asidi vilianza kumwagwa baharini zamani, kwa njia ya moshi, bila kibali cha mtu yeyote na bila yeyote kupima kilichoanguka.

Roebuck hakudumu katika asidi. Mwaka 1759 alikuwa miongoni mwa waasisi wa kiwanda cha chuma cha Carron huko Uskoti, na kiu yake ya makaa ya mawe ikamfikisha kwa fundi wa vipimo wa Glasgow aliyekuwa akisumbuka na wazo la injini ya mvuke. Fundi huyo ni Watt. Roebuck alimlipia madeni na kupata theluthi mbili za hati miliki ya mwaka 1769. Lakini migodi yake ikajaa maji, na mwaka 1773 akafilisika. Sehemu yake ilichukuliwa na Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho nje kidogo ya Birmingham. Mwaka uliofuata Watt alihamia mjini humo, na mwaka 1775 Bunge likairefusha hati miliki hadi mwaka 1800. Kilichobaki kilikuwa silinda iliyotobolewa kwa usahihi wa kutosha kuzuia mvuke usipenye, na hiyo ilitoka kwa John Wilkinson, bwana wa chuma wa Shropshire, aliyebuni mashine ya kukereza mizinga mwaka 1774. Mnamo Machi 1776 injini ya Boulton na Watt ilianza kusukuma maji katika mgodi wa makaa wa Bloomfield huko Tipton, kilomita chache kutoka Birmingham.

Wasomaji wa leo hupenda kumwona Watt kama mtu aliyewasha moto. Yeye mwenyewe aliamini kwamba aliupunguza. Injini yake ilitumia makaa machache sana kuliko ile ya Newcomen iliyoitangulia, na malipo ambayo kampuni ilidai kwa wateja yalikuwa theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa. Biashara yote ilisimama juu ya ubanifu. Ni mwaka 1865 tu ambapo mchumi William Stanley Jevons alieleza wazi kilichotokea: kwa kuwa nguvu ya mvuke ilipungua gharama, watu waliitumia mahali ambapo awali isingewalipa, na makaa yaliyochomwa nchini yakaongezeka badala ya kupungua. Funzo hili linafaa kukumbukwa kila teknolojia mpya inapouzwa kwa jina la kuokoa.

Katika mji huohuo aliishi mtu aliyekuwa karibu kuliko wenzake wote kuelewa upande wa pili wa hesabu. Joseph Priestley, mchungaji na mwanakemia, alihamia Birmingham mwaka 1780, akajiunga na kina Boulton na Watt katika kile kikundi cha marafiki kilichokutana nyakati za mwezi mpevu ili kila mmoja apate mwanga wa kurudia nyumbani. Mke wake alikuwa dada wa Wilkinson wa mizinga, hivyo chuma kilikuwa shemeji yake. Miaka tisa kabla, akiwa Leeds, Priestley alikuwa ameweka kichipukizi cha mnanaa ndani ya hewa ambamo mshumaa ulikuwa umezimika, na siku kadhaa baadaye akakuta mshumaa unaweza kuwaka tena humo. Mmea ulikuwa umeirudishia hewa uzima wake.

Jambo la pili halitajwi sana. Mwishoni mwa miaka ya 1770 Priestley aliona kwamba maji yaliyoachwa juani ndani ya gudulia huota utando wa kijani, na kwamba utando huo hutoa viputo vya ile hewa safi ambayo baadaye iliitwa oksijeni. Alibishana kwa muda na wenzake, na hata na nafsi yake, kama utando ule ni mmea au la. Ulikuwa mwani: viumbe vya kijani visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, vinavyokula mwanga na hewa ukaa. Binamu zao wa baharini hufanya karibu nusu ya kazi yote ya usanisinuru duniani. Basi katika mji mmoja na kizazi kimoja walikutana mtu wa mashine itakayoijaza anga hewa ukaa na mtu aliyemwona, ndani ya gudulia la maji, mfanyakazi mdogo anayeiondoa. Hakuna ushahidi kwamba waliunganisha mambo hayo mawili, na haikuwezekana waunganishe. Tarehe 14 Julai 1791 na siku zilizofuata, wafanya ghasia waliochukizwa na imani yake ya dini na utetezi wake wa mapinduzi ya Ufaransa waliichoma nyumba ya Priestley ya Fair Hill huko Sparkbrook, pamoja na maabara na vitabu. Alikimbilia London, na mwaka 1794 akavuka kwenda Marekani asirudi tena.

Karne iliyofuata ilikuwa ya moshi. Kaskazini magharibi mwa Birmingham palienea migodi, tanuri na viwanda ambavyo viliipa sehemu hiyo jina la Nchi Nyeusi, na Elihu Burritt, balozi mdogo wa Marekani mjini humo, aliiandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1868. Aliyoyaona Burritt ni masizi na miali ya tanuri. Ambayo hakuweza kuyaona ni kemia iliyokuwa ikiendelea juu ya kofia yake. Makaa ya mawe yana salfa ndani yake. Yakichomwa, salfa hupanda na moshi, hukutana na unyevu wa hewa, na huwa asidi. Kilichofanywa na Roebuck ndani ya masanduku ya risasi kilifanywa sasa na mabomba ya moshi juu ya nchi nzima. Makaa yana chuma pia. Majivu membamba yanayopaa kutoka kwenye tanuri hubeba chembe za chuma zilizo ndogo kiasi cha kusafiri siku nyingi kabla ya kuanguka. Angani, chuma na asidi vilipewa muda wa kutosha wa kukutana.

Faida ya chuma hicho iliujenga pia mji wenyewe. Joseph Chamberlain alipata utajiri wake katika biashara ya parafujo, akawa meya wa Birmingham kuanzia mwaka 1873 hadi 1876, kisha waziri wa makoloni. Chuo Kikuu cha Birmingham kilichopata hati ya kifalme mwaka 1900 kilikuwa juhudi yake, naye akawa mkuu wake wa kwanza. Mnara wa saa wa chuo hicho huko Edgbaston unaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwishoni mwa mwaka 1902 Chamberlain alishuka Mombasa na kusafiri kwa reli mpya ya Uganda, chuma juu ya chuma, katika pwani ambayo mwanajiografia al-Idrisi, katika karne ya 12, aliisifu kwa machimbo ya chuma ya Malindi na Mombasa. Wenyeji wa pwani hiyo hawakuhitaji kufundishwa na mtu wa parafujo kwamba chuma huvuka bahari. Ila walijua kinavuka juu ya maji, ndani ya vyombo.

Kwamba bahari yenyewe ina njaa ya chuma ni habari iliyochelewa sana. Sehemu kubwa za bahari, hasa ile ya kusini inayoizunguka Antaktika, Pasifiki ya ikweta na Pasifiki ya kaskazini, zina naitreti na fosfeti tele, lakini mimea yake midogo ni haba. Ni kama shamba lenye samadi ya kutosha na mazao duni. Mwaka 1931 Mnorwei Haaken Gran alihisi kwamba kinachopungua ni chuma. Mmea hauwezi kutengeneza kijani chake wala kutumia naitreti bila chuma, ingawa unahitaji kiasi kidogo mno. Na maji ya bahari yenye oksijeni hugeuza chuma kuwa kutu inayozama. Mbali na nchi kavu, bahari hutegemea vumbi la majangwa liletwalo na upepo.

Dhana ya Gran ilikaa nusu karne bila kuthibitishwa, na kizuizi kilikuwa chuma chenyewe. Wapimaji walikwenda baharini kwa meli za chuma, wakateremsha vyombo kwa nyaya za chuma, wakafanya kazi katika vyumba vyenye kutu. Kila chupa waliyoijaza ilikuwa imekwisha kuchafuliwa, na kila kipimo kikaonyesha kwamba chuma kipo kingi. Zama za viwanda zilikuwa zimejipaka juu ya kioo cha kutazamia. Mtu aliyekisafisha ni John Martin wa maabara ya bahari ya Moss Landing huko California. Kwa usafi uliokaribia wa chumba cha upasuaji, yeye na wenzake walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba maji ya Ghuba ya Alaska yana chuma kidogo kupita ilivyodhaniwa, na kwamba mimea yake husitawi ikiongezewa chuma.

Martin alikwenda mbali zaidi. Barafu ya kale ya Antaktika ilionyesha kwamba katika enzi za baridi kali vumbi lilikuwa jingi na hewa ukaa ilikuwa chache. Akapendekeza, katika makala ya mwaka 1990, kwamba vumbi lile liliilisha bahari ya kusini chuma, mimea ikaongezeka, ikafa, ikazama na kaboni yake. Miaka miwili kabla, mbele ya wanasayansi wa Woods Hole, alikuwa ametania kwamba akipewa nusu ya shehena ya meli ya chuma atawapa enzi ya barafu. Utani ule ulimshinda mwenyewe. Ulinukuliwa kuliko makala zake zote, na uliwafikia wafanyabiashara kabla ya wapimaji kumaliza kazi. Martin alifariki kwa saratani Juni 1993. Oktoba mwaka huo wenzake walimwaga takriban kilo 450 za chuma juu ya kilomita za mraba 64, karibu na visiwa vya Galápagos, na bahari ikajibu. Mwaka 1995 walirudia, na safari hii maji yakageuka kijani mbele ya macho yao.

Hadi mwaka 2009 majaribio kama hayo yalikuwa yamefanyika zaidi ya kumi. Karibu yote yalithibitisha nusu ya kwanza ya dhana: ukiweka chuma, mimea huota. Nusu ya pili, ambayo ndiyo yenye thamani kwa tabianchi, ilisita. Kaboni isipozama chini sana hurudi angani baada ya muda mfupi, kama fedha iliyowekwa benki asubuhi na kutolewa jioni. Jaribio la Wajerumani la mwaka 2004, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012, lilionyesha kwamba angalau nusu ya mimea iliyostawi ilizama chini ya mita 1000. Waliofurahia matokeo hayo walipaswa kusoma pia habari ya mwaka 2009, pale meli ya Polarstern ilipotoka Cape Town na timu ya Wajerumani na Wahindi kwa ajili ya jaribio lililopewa jina lenye neno la Kihindi la chuma, loha. Mimea iliota, wadudu wadogo wa jamii ya kamba wakaila, kaboni iliyozama ilikuwa kidogo. Maji ya hapo hayakuwa na silika ya kutosha kwa daiatomu, ile mimea yenye magamba ya kioo ambayo huzama vizuri. Chuma kilekile, bahari ileile ya kusini, matokeo mawili tofauti.

Kisha ikaja habari ya Haida Gwaii, visiwa vya magharibi mwa Kanada. Mwaka 2012 kampuni iliyoundwa na wanakijiji wa Old Massett, kwa ushauri wa mfanyabiashara wa Kimarekani Russ George, ilimwaga takriban tani 100 za mchanganyiko wa chuma baharini. Kijiji kilitoa zaidi ya dola milioni 2 kwa ahadi mbili: samaki wa samoni watarudi, na kaboni itauzwa sokoni kwa hati za upunguzaji. Dunia ilipojua, miezi michache baadaye, lawama zilikuwa nyingi, na zilielekezwa hasa kwa George kama mhuni wa tabianchi. Lawama hizo hazikumtazama sana mvuvi wa Old Massett, ambaye bahari yake ilikuwa imepungua samaki kwa sababu zisizotokana naye, na ambaye aliuziwa dawa na mtu aliyesema ana hakika. Wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki hawatashindwa kumtambua.

Birmingham ilirudi katika habari hii kupitia mlango wa maabara. Zongbo Shi, mtaalamu wa kemia ya angahewa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, amekuwa akichunguza na wenzake swali ambalo Martin hakulipa nafasi kubwa: chuma kinachofika baharini kwa upepo hulainika vipi hata kiweze kuliwa? Vumbi la jangwa lina chuma kingi, ila kimefungwa ndani ya madini na mimea haiwezi kukigusa. Mwaka 2017 Shi na wanasayansi wa China walichapisha uchunguzi wa chembe zilizokusanywa kwenye hewa ya Bahari ya Manjano. Chini ya darubini ya elektroni, chembe za chuma kutoka kwenye uchomaji wa makaa na viwanda vya vyuma zilionekana zimevikwa utando wa salfeti, na ndani ya utando huo mlikuwa na salfeti ya chuma. Hakuna kiwanda kinachoitoa katika hali hiyo. Ilikuwa imepikwa angani, asidi juu ya chuma, kama katika karakana ya Steelhouse Lane.

Mwaka 2022 Clarissa Baldo, Shi na wenzao walitoa matokeo mengine. Walichukua majivu ya mitambo ya umeme wa makaa, mojawapo ukiwa ule wa Aberthaw huko Wales, wakayaweka katika asidi inayofanana na ile ya mawinguni, na kuyalinganisha na vumbi la Sahara. Chuma cha majivu kiliyeyuka haraka zaidi. Majangwa bado ndiyo yanayotoa vumbi jingi. Lakini chuma cha makaa kina uzito kuliko wingi wake unavyodokeza, kwa sababu kinafika kikiwa tayari kuliwa.

Hapo ndipo hadithi ya karne tatu inapokunjana. Tangu makaa yalipoanza kuchomwa kwa wingi, mabomba ya moshi yamekuwa yakipeleka baharini vitu viwili kwa mkono mmoja: hewa ukaa, ambayo bahari huimeza na kuzidi kuwa na asidi, na chuma kilicholainishwa, ambacho huilisha mimea inayoimeza hewa hiyo. Mkono ulioumiza ulikuwa pia ukipaka dawa. Asijidanganye mtu kwamba dawa ilitosha. Kabla ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420. Jaribio kubwa kupita yote la kurutubisha bahari kwa chuma limeendelea kwa zaidi ya miaka 200, na hesabu haikukaribia kulingana. Wanaotaka kulirudia kwa makusudi wana haki ya kusema kwamba chuma kile hakikuanguka pale kinapohitajika zaidi. Wanaopinga wana haki ya kujibu kwamba hiyo ndiyo tabia ya kitu kinachorushwa hewani.

Chuo hichohicho kina jaribio jingine linalosaidia kuona tofauti. Katika msitu wa Mill Haft, Staffordshire, tangu mwaka 2017 hewa ukaa ya ziada imepulizwa juu ya mialoni yenye umri wa karibu miaka 180, ili ijulikane msitu wa kesho utafanya nini. Matokeo ya miaka saba ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2024, yalionyesha ongezeko la mbao la takriban asilimia 10 kwa wastani. Mtu anaweza kubishana na tarakimu hizo, lakini anajua miti ipi ilipuliziwa na ipi haikupuliziwa. Msitu una mipaka. Maji ya bahari huondoka na siri yake.

Na huondoka kuelekea wapi? Swali hili ni la Waswahili kuliko wanavyoambiwa. Mwaka 2004 Jorge Sarmiento na wenzake walikadiria kwamba maji yanayozama katika bahari ya kusini na kuibuka kaskazini, miaka mingi baadaye, hubeba virutubisho vinavyotegemewa na takriban robo tatu ya uzalishaji wa viumbe katika bahari zilizo kaskazini mwa nyuzi 30 kusini. Bahari ya Hindi imo. Mimea ya kusini ikilishwa chuma, itatumia naitreti na fosfeti papo hapo, na maji yatakayosafiri kaskazini yatakuwa yamekamuliwa. Kaboni itahesabiwa kwa yule aliyemwaga chuma. Upungufu wa samaki utaonekana kwingine, baada ya miongo, katika nyavu za mtu asiyejua kwamba palikuwa na mkataba. Ni hesabu za kompyuta, hazijapimwa baharini, na wanaozitilia shaka wapo. Lakini mzigo wa kuthibitisha hauwezi kuwa wa mvuvi wa Kizimkazi au wa Lamu.

Bahari ya karibu nayo ina fumbo lake. Kusi inapovuma, maji baridi yenye virutubisho huibuka kwenye pwani za Somalia na Oman, na wavuvi wa huko wanaijua neema yake. Mwaka 2010 Wajih Naqvi wa Goa, yuleyule aliyekuwa kiongozi mwenza wa jaribio la loha, alichapisha na wenzake ushahidi kwamba mwishoni mwa kusi sehemu ya bahari ya Oman huwa na virutubisho vingi na mimea michache, dalili ya njaa ya chuma. Bahari ya majahazi, basi, inaweza siku moja kuonekana kwenye ramani ya mtu kama shamba linalosubiri mbolea.

Sheria imeanza kusogea, kwa mwendo wake. Mwaka 2008 mkutano wa mkataba wa bayoanuwai huko Bonn ulizitaka nchi zijizuie, na Oktoba mwaka huo nchi za Mkataba wa London wa kuzuia utupaji taka baharini zikakubaliana kwamba urutubishaji usiruhusiwe isipokuwa kwa utafiti halali. Mwaka 2013 zikapitisha marekebisho ya itifaki yake, ambayo Kenya ni mwanachama, ili azimio liwe na nguvu ya sheria. Muongo mmoja baadaye idadi ya nchi zilizoyaridhia marekebisho hayo ilikuwa bado ndogo mno kuyawezesha kuanza kutumika. Machi 2019, kwenye baraza la mazingira la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, Uswisi na nchi kadhaa zilipendekeza uchunguzi wa usimamizi wa teknolojia zote za kuibadili tabianchi. Marekani na Saudi Arabia zilipinga, na pendekezo likaondolewa. Mwaka 2024, hapohapo Nairobi, pendekezo lingine, hili la teknolojia za kupunguza mwanga wa jua, lilikwama vilevile, ingawa safari hii sauti za Afrika zilikuwa wazi zaidi kwa upande wa kukataa.

Wakati huohuo jaribio la zamani linafikia mwisho wake bila sherehe. Tarehe 1 Januari 2020 sheria ya kimataifa ilipunguza salfa katika mafuta ya meli hadi asilimia 0.5, na meli zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam sasa hubeba asidi kidogo angani kuliko zamani. Tarehe 30 Septemba 2024 mtambo wa Ratcliffe-on-Soar, upande wa kaskazini mashariki wa Birmingham, ulizimwa. Ulikuwa wa mwisho nchini Uingereza kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe. Hewa inasafika, na mapafu ya watu yanashukuru. Asidi inayolainisha chuma inapungua pamoja nayo. Kundi la wanasayansi walio karibu na Woods Hole, pale pale Martin alipotania, linajiandaa kurudi Pasifiki ya kaskazini mashariki na salfeti ya chuma ndani ya matangi, safari hii kwa eneo kubwa zaidi na kwa vyombo vya kupimia ambavyo kizazi cha 1993 hakikuwa navyo, endapo watapata fedha na kibali.